Kutoka Sime hadi Bastola: Historia ya Silaha ya Kujilinda na Msamiati Wake katika Miteremko ya Mlima Meru

1.0 Utangulizi



Mada ya mhadhara huu huenda ikaonekana ngeni katika ukumbi wa taaluma za Kiswahili. Tumezoea kuzungumzia tenzi, ngeli, lahaja na usanifishaji. Leo nakusudia kuzungumzia bastola: jinsi silaha hiyo ndogo ilivyoingia katika maisha ya watu wa Afrika Mashariki, watu gani waliruhusiwa kuibeba, wameitegemea kwa kiasi gani, na lugha yetu imeipokea vipi. Eneo ninalolitazama kwa karibu ni miteremko ya Mlima Meru, na hasa Moshono, kata iliyo upande wa mashariki wa jiji la Arusha. Moshono ilikuwa nchi ya wakulima wa Kiarusha. Leo ni mahali ambapo migomba na kuta ndefu za matofali zimesimama pamoja. Mahali kama hapo ndipo swali la kujilinda linapoulizwa kwa uzito. Mzee aliyezoea kulindwa na rika lake anapata jirani anayelindwa na mbwa, mlinzi wa kampuni, na pengine bastola iliyofungiwa kabatini.

Swali linaloulizwa na mtu anayetaka kununua silaha ni jepesi kulitamka: ni bastola ipi ya kutegemewa? Hoja yangu ni kwamba swali hilo lina historia ndefu, na kwamba katika kila kipindi cha historia hiyo jibu lake lilihusu mambo mawili kwa pamoja, yaani kutegemewa kwa chombo na kutegemewa kwa mtu aliyekishika. Aidha, nitaonyesha kwamba msamiati wa Kiswahili umehifadhi sehemu kubwa ya historia hiyo, lakini una mapengo ambayo, kwa kuwa Kiswahili sasa ni lugha ya sheria nchini Tanzania, hayawezi kuachwa yalivyo.

2.0 Silaha ya wazi

Waarusha walihamia miteremko ya Meru kutoka nchi tambarare ya kusini katika miaka ya 1830. Walikuja na lugha ya Kimaa, mpangilio wa rika, na silaha ambazo zilikuwa zile zile za ndugu zao Wamasai: mkuki, ngao, rungu na sime. Sime, ambayo kwa Kimaa huitwa olalem, ilifuliwa na wahunzi, ikatiwa katika ala ya ngozi na kufungwa kiunoni. Mkuki ulibebwa mkononi.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba silaha hizi zilikuwa za wazi. Aliyezibeba alizionyesha, na aliyeziona alisoma habari: huyu ni wa rika gani, ametoka wapi, anakwenda vitani au machungani. Silaha ilikuwa sehemu ya vazi na vazi lilikuwa sehemu ya hadhi. Kwa hiyo mtu aliyetumia sime vibaya hakuwa na pa kujificha, kwa kuwa rika lake lilimjua, na ukoo wake uliwajibika kulipa fidia. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya Waarusha, alieleza kwa kirefu jinsi ugomvi ulivyoamuliwa kwa majadiliano kati ya watu wa rika na wa ukoo wa kila upande. Kutegemewa kwa silaha, basi, kulitokana na mambo mawili: chuma kizuri cha mhunzi, na macho ya jamii.

Pwani nako desturi haikuwa mbali sana na hiyo. Jambia lilivaliwa mbele, kwenye mshipi, likiwa pambo la muungwana na silaha yake kwa wakati mmoja. Hata hivyo, Waswahili walikuwa na neno la pili, ambalo litatufaa mwishoni mwa mhadhara huu. Neno hilo ni kufutika, yaani kuchomeka kitu ndani ya nguo kiunoni kisionekane. Fedha hufutikwa kibindoni, na kisu kidogo kadhalika. Lugha ilikuwa tayari imetofautisha kuvaa silaha na kuifutika. Anayeivaa anaionyesha hadhira yake. Anayeifutika anajua mwenyewe tu kwamba anayo.

3.0 Bunduki na msamiati wake

Silaha za moto zilifika pwani yetu mapema, pamoja na Wareno na Waturuki katika karne ya 16. Lakini wingi wake ni jambo la karne ya 19, wakati wa biashara ya pembe na watumwa. Mkataba uliotiwa saini Muscat mwaka 1833 kati ya Sayyid Said bin Sultan na Marekani unatupa ushahidi mzuri. Mkataba huo uliwaruhusu wafanyabiashara wa Kimarekani kununua na kuuza katika bandari za Sultani kwa uhuru, isipokuwa jambo moja: katika kisiwa cha Unguja, bunduki, baruti na risasi ziliweza kuuzwa kwa serikali peke yake. Katika bandari nyingine hapakuwa na kizuizi hicho. Sultani alifahamu vyema kwamba bunduki iliyokwenda bara ilimletea pembe, lakini bunduki iliyobaki mlangoni kwake ingeweza kumletea mwasi. Udhibiti wa silaha katika nchi hizi, kwa hiyo, haukuanza na Mzungu. Ulianza na mtawala aliyejiuliza ni nani wa kuaminiwa nayo.

Tukiutazama msamiati wa kipindi hicho tunaona mpangilio fulani. Majina ya chombo na ya vitu vinavyokilisha yametoka hasa katika Kiarabu au kupitia Kiarabu: bunduki, baruti, risasi, kasiba. Risasi kwa asili ni jina la madini, na mpaka leo neno hilo lina maana zote mbili. Lakini majina yanayoeleza jinsi chombo kinavyofanya kazi ni ya Kibantu, na mengi yametoka katika kazi za nyumbani na porini. Mzinga wa nyuki, gogo lililotobolewa, uliipa jina lake bunduki kubwa ya vita. Mtambo na kitenzi kufyatua vilikuwa vya mtego kabla ya kuwa vya bunduki. Kushindilia, kitendo cha kugandamiza kitu kwa nguvu ndani ya chombo, kukawa kupakia bunduki ya zamani kwa mdeki. Kwa maneno mengine, mzungumzaji wa Kiswahili alikipokea chombo kigeni, akakieleza kwa mambo aliyokuwa akiyajua: alikiona kuwa mtego unaobebwa.

Hali kadhalika, lugha ilipanga bunduki kwa kigezo cha kutegemewa. Gumegume ilikuwa bunduki ya jiwe la kutoa cheche; korofindo na gobori zilikuwa bunduki za kushindilia mdomoni. Baadaye ikaja bunduki ya fataki, kisha bunduki ya viasi, yaani ile inayopakiwa kwa nyuma kwa risasi iliyokwisha kupimiwa baruti yake. Maneno haya si majina ya viwanda wala ya nchi. Ni majina ya namna ya kuwasha moto. Sababu yake inaeleweka: bunduki ya jiwe haikutegemewa katika mvua, ya fataki ilitegemewa zaidi, na ya viasi ikazishinda zote. Msafiri wa bara alihitaji kujua jambo hilo kabla ya kuuliza bei. Kwa kiasi hicho, swali la silaha ya kutegemewa limo ndani ya kamusi zetu tangu zamani.

Neno bastola lenyewe linastahili maelezo. Wengi hulinasibisha moja kwa moja na pistola ya Kireno. Tukumbuke, hata hivyo, kwamba Kiswahili kina sauti ya p, na maneno ya Kireno yenye p yameingia nayo bila taabu: pipa, padri, parafujo. Kama bastola ingetoka kinywani mwa Mreno moja kwa moja, tungetazamia kuipata ikiwa na p. Sauti ya b inaelekeza kwenye kinywa cha mzungumzaji wa Kiarabu, lugha isiyokuwa na p, ambaye alilipokea neno hilo la Ulaya na kulipitisha kwetu. Hoja hii ya kifonolojia inakubaliana na historia ya biashara: silaha za karne ya 19 zilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Unguja na Oman kabla ya kufika bara.

Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake wakaweka marufuku ya kuingiza silaha za moto, hasa zile za kisasa zenye shabaha ya uhakika, katika eneo kubwa la Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Lengo lililotangazwa lilikuwa jema. Lakini serikali zenyewe, maofisa wake na watu waliopewa vibali walibaki na silaha hizo. Matokeo yake ni kwamba katika miaka ile ile ambayo Ulaya ilikuwa ikiigawa Afrika, Mwafrika alibakizwa na gobori, na aliyemjia alikuja na bunduki ya viasi na bastola.

4.0 Bastola ya mwenye ruhusa

Watu wa Meru waliiona tofauti hiyo mapema. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa kituo cha Wajerumani cha Moshi, aliongoza msafara wa kulipiza kisasi uliowaua watu wengi, ukachoma makazi na kuteka mifugo. Mkuki na ngao, silaha ambazo ziliwatosha Waarusha na Wameru kwa vizazi kadhaa, hazikutosha tena. Mwaka 1900 Wajerumani walijenga boma la Arusha, jengo ambalo limesimama mpaka leo likiwa makumbusho. Kuanzia hapo kulikuwa na aina mbili za wakazi chini ya Meru: wenye ruhusa ya kumiliki silaha ya moto na wasio nayo. Walowezi, wakiwamo Makaburu waliofika miaka ya 1904 na 1905, walikuwa katika kundi la kwanza.

Chini ya Waingereza mgawanyiko huo uliendelea kwa njia ya vibali. Uzito wake ulionekana wazi zaidi nchini Kenya. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952, walowezi walibeba bastola kiunoni mezani, hotelini na kanisani. Kwao ilikuwa silaha ya kujilinda. Kwa Mwafrika, kupatikana na silaha ya moto au hata risasi bila ruhusa kulifanywa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956 hakushtakiwa kwa kuongoza vita. Alishtakiwa mahakamani Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi, akahukumiwa kifo, na akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Chombo ni kile kile. Tofauti ilikuwa katika jina la aliyekishika.

Historia hiyo hiyo inatupa somo la pili, ambalo mnunuzi wa leo angelipaswa kulisikia. Mapema Januari 1953, wanawake wawili wa kilowezi waliokuwa wakiishi pamoja karibu na Nyeri waliwarudisha nyuma washambuliaji, kwa sababu silaha zao zilikuwa karibu na mikono yao na walikuwa tayari kuzitumia. Tarehe 24 ya mwezi huo huo, huko Kinangop, Roger Ruck aliitwa nje usiku na mtu wa nyumbani mwake aliyemzoea. Yeye, mkewe na mtoto wao mdogo wakauawa. Magazeti ya wakati ule yalitumia kisa cha kwanza kuhimiza watu wajihami. Kisa cha pili kinaonyesha mpaka wa hoja hiyo. Bastola haimsaidii mtu anayeitwa kwa jina lake na sauti anayoijua. Mtu wa kutegemewa akikosekana, silaha ya kutegemewa huwa imechelewa.

Wakati huo huo, Wameru walionyesha njia nyingine ya kujilinda. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili iwape walowezi. Hawakuwa na bunduki za kushindana na serikali, wala hawakuzitafuta. Walichanga fedha, wakaandika, wakasema, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasilisha malalamiko yao. Ardhi haikurudi mara moja, lakini kesi hiyo ikawa moja ya vyanzo vya harakati za uhuru wa Tanganyika. Hapa tunakutana na kitenzi kujitetea katika maana yake kamili, yaani kujilinda kwa neno.

5.0 Ulinzi wa umma

Baada ya uhuru, lugha ya siasa ya Tanzania iliweka neno ulinzi mikononi mwa umma. Maasi ya jeshi ya Januari 1964 yalisababisha jeshi la kurithi kuvunjwa, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa Septemba mwaka huo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotolewa baada ya mapinduzi ya Idi Amin nchini Uganda, ulisisitiza kwamba ulinzi wa taifa ni kazi ya wananchi wenyewe. Mgambo wakafundishwa kulenga shabaha vijijini. Lakini zingatieni kwamba mwananchi alifundishwa kutumia bunduki bila kuruhusiwa kwenda nayo nyumbani. Ustadi ulitawanywa, chombo kilibaki ghalani.

Mpango huo ulitikiswa na vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 na hali ngumu ya uchumi iliyofuata. Wizi wa mifugo ulioandamana na silaha za moto uliongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi wa Usukuma na Unyamwezi waliunda sungusungu, wakabeba pinde na mishale, wakapulizana filimbi usiku. Serikali ilisita, kisha ikaukubali mfumo huo, na mwaka 1989 ukapewa nafasi katika sheria za mgambo. Sungusungu walikuwa na mapungufu yao, na wapo watu waliodhulumiwa mikononi mwao. Hata hivyo, kwa mwanahistoria wa silaha wanathibitisha jambo moja: hata katikati ya tishio la bunduki, chaguo la kwanza la wanavijiji lilikuwa idadi ya watu na kasi ya mwito, kabla ya ubora wa chuma.

6.0 Kuchagua bastola

Tangu miaka ya 1990 mambo yamebadilika. Biashara huria, utalii, madini ya Mererani na kukua kwa mji vilileta fedha Arusha na pembezoni mwake, na fedha hizo zikaleta hofu. Moshono ilianza kuwa mahali pa nyumba zenye nafasi kati ya moja na nyingine, na majirani wasiojuana kwa rika wala kwa ukoo. Ni katika mazingira hayo ambapo mfanyabiashara au mtumishi mstaafu hufikiria bastola.

Sheria ilimtangulia. Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 1991 ilifutwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Katikati ya sheria hizo mbili kuna Azimio la Nairobi la mwaka 2000 na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilikubaliana nayo. Itifaki hiyo inataka raia wasimiliki kabisa silaha za kivita, bunduki zinazojipakia zenyewe na zile zinazomimina risasi. Kwa mtu anayetaka kujilinda, nafasi inayobaki ni bastola au bunduki ya kawaida, kwa leseni, baada ya kuchunguzwa. Ombi huanzia kwa watu wanaomjua muombaji, katika serikali ya mtaa, likapita katika vyombo vya ulinzi na usalama hadi polisi. Mwaka 2016 wamiliki walitakiwa kupeleka silaha zao kuhakikiwa. Mtu anaweza kulalamikia urefu wa njia hiyo, lakini asili yake ni ya zamani: kabla ya kuuliza chombo, jamii inamuuliza mtu.

Sasa tuje kwenye chombo. Bastola za kisasa ni za namna mbili. Ya kwanza, iliyopata umbo lake kwa hataza za Samuel Colt za mwaka 1835 na 1836, ina ngoma inayozunguka yenye matundu ya risasi, kwa kawaida 5 au 6. Ya pili, iliyoenea tangu mwanzo wa karne ya 20, hujipakia yenyewe kutoka katika magazini iliyo ndani ya mpini. Ya kwanza ina sifa moja inayowavutia wasio na mazoezi mengi: risasi ikikataa kuwaka, mtumiaji huvuta tena kifyatulio, na tundu jingine huja mahali pake. Haitegemei springi ya magazini iliyokaa imegandamizwa wala nguvu ya mlipuko kuupakia mzunguko unaofuata. Upungufu wake ni risasi chache, kifyatulio kizito na umbo nene lisilofutikika kwa urahisi. Ya pili ni bapa, hubeba risasi nyingi na hupakiwa haraka. Lakini huhitaji usafi, risasi nzuri na mkono uliozoea kuondoa kikwazo pale risasi inapokwama. Vumbi la kiangazi na unyevu wa masika, ambavyo vyote viwili vipo chini ya Meru, ni maadui wa silaha iliyosahauliwa droo mwaka mzima. Risasi nazo huzeeka. Silaha ambayo mwenyewe hajaijaribu kwa shabaha, kwa risasi zile zile anazozitegemea, haiwezi kuitwa ya kutegemewa, hata iwe imetoka katika kiwanda gani.

Kuna kigezo kingine ambacho muuzaji hakitaji. Mwaka 1993 jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Arthur Kellermann na wenzake, uliofanywa katika wilaya tatu za Marekani, ulioonyesha kwamba kuwapo kwa bunduki nyumbani kulihusiana na uwezekano wa mauaji ndani ya nyumba hiyo ulioongezeka takriban mara 2.7, na hatari ilitoka hasa kwa ndugu na watu wanaojuana. Wakosoaji walisema, na kwa haki, kwamba utafiti wa namna hiyo hauthibitishi sababu, kwa kuwa wenye hofu zaidi ndio wanaonunua silaha. Lakini hata ukipunguza uzito wake, swali linabaki mezani: silaha iliyofichwa dhidi ya mgeni hukaa siku zote karibu na mwenyeji. Mtoto mdadisi, mgogoro wa ndoa, ulevi wa usiku mmoja, mwizi anayeiba bastola yenyewe. Mambo haya hayapo katika maelezo ya kiwanda. Kasha la chuma lenye kufuli, risasi zilizotengwa, na mtu anayejua kunyamaza anapotukanwa, hivyo navyo ni sehemu ya kutegemewa. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Anayenunua bastola humwazia jambazi. Yampasa amwazie pia mwanawe.

7.0 Mapengo ya lugha

Niruhusuni sasa nirejee kwenye uwanja wetu. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Hii ina maana kwamba dhana zote nilizozitaja, ambazo kwa muda mrefu ziliandikwa kwa Kiingereza, zinapaswa kusemwa kwa Kiswahili kisichoyumba. Nina mifano mitatu.

Kwanza, kujilinda, kujihami na kujitetea. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hubadilishana nafasi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya mtu kuikinga nafsi na mali yake kwa nguvu inayolingana na tishio. Hapo kipimo ni wakati na kiasi. Napendekeza kujilinda kutumike kwa maandalizi ya jumla, kama vile ukuta, mlinzi au leseni. Kujihami kwa kitendo cha kuzuia shambulio linaloendelea. Na kujitetea kwa maelezo ya mshtakiwa mbele ya mahakama. Mtu anaweza kuwa amejilinda kihalali, akajihami kupita kiasi, na kwa hiyo akashindwa kujitetea. Tukiyachanganya maneno hayo matatu tunamchanganya hakimu, na anayeumia ni mtu aliye kizimbani.

Pili, kumiliki, kuwa na, na kubeba. Leseni ya kumiliki haimpi mtu ruhusa ya kufanya lolote mahali popote. Aidha, kubeba kwa wazi na kubeba kwa siri ni matendo mawili yenye athari tofauti kwa umma: la kwanza hutisha, la pili hudanganya macho. Lugha ya kisasa hulazimika kusema “kubeba silaha bila kuonekana”, ilhali tumeachiwa urithi wa kufutika. Sioni sababu ya neno hilo kubaki katika kamusi likiwa kumbukumbu ya kibindo peke yake.

Tatu, bastola yenyewe. Neno hili moja linabeba aina mbili za mitambo zenye kanuni tofauti za usalama. Katika bastola inayojipakia, magazini ikishatolewa, risasi moja inaweza kuwa bado imo ndani ya kasiba. Watu wamekufa kwa kutolijua hilo. Anayefundisha au kutafsiri akisema tu “toa risasi kwenye bastola” ameacha shimo. Tuseme bastola ya ngoma na bastola ya magazini, na istilahi hizo ziingie katika mafunzo ya polisi, walinzi na wamiliki. Mitaani, vijana wamekwisha kuunda jina lao, mguu wa kuku, kwa kulinganisha umbo la silaha na paja la kuku mkononi. Jina hilo lina ucheshi, na ucheshi huo una kazi yake: humwezesha mzungumzaji kukitaja kitu cha hatari bila kukitaja. Mwanaisimu asilidharau, lakini pia asisahau kwamba tafsida huzaliwa palipo na hofu au hatia.

8.0 Hitimisho

Katika mhadhara huu nimeifuata silaha ya kujilinda kutoka sime ya wazi hadi bastola ya kufutikwa. Sultani wa mwaka 1833, mkutano wa Brussels wa mwaka 1890, mahakama ya Nyeri ya mwaka 1956 na sheria ya mwaka 2015 vyote vilikabili swali moja: nani aaminiwe? Majibu yao yalitofautiana, na baadhi yalikuwa ya dhuluma, kwa sababu yalipima rangi au utii badala ya mwenendo. Lakini swali lenyewe lilikuwa sahihi, na lingali sahihi.

Kwa mkazi wa Moshono anayeuliza achague bastola ipi, historia haimpi jina la kiwanda. Inamwambia kwamba sime ilitegemewa kwa kuwa rika liliiona. Kwamba bastola, kwa kuwa imefichwa, imeondolewa macho hayo. Na kwamba yeyote anayeichagua anapaswa kuyarudisha kwa njia nyingine, yaani leseni, mazoezi, kufuli, na majirani wanaojua jina lake kiasi cha kuja anapopiga kelele. Kwa sisi wanafunzi wa lugha kuna wajibu wetu. Siku mahakama itakapouliza kwa Kiswahili kama mtu alijilinda, alijihami au alishambulia, maneno yawe yamekwisha kuwekwa mahali pake. Kazi hiyo ni yetu, na inafaa ianze sasa.